Kumi na Nne

Miaka sita tumelala watatu:
mimi, Mihambo, na kumi na nne,
namba ya kijani kwenye kioo cha mashine,
iliyomvuta juu kila alipozama.

Kisha Mwanza wakamnyoosha mfupa wa pua.
Pamba zilipotolewa akasimama mlangoni, hapa Isevya,
akanusa tumbaku kutoka maghalani,
akanusa maharage ya jirani yanaungua,
akacheka peke yake.

Wiki ya tatu akaruhusiwa kuvaa barakoa.
Kumi na nne ikageuka kimbunga:
ikapiga mluzi shavuni,
ikamjaza tumbo, akaamka akicheua.
"Nyamizi, huu upepo wa nani?"

Alikuwa fundi breki karakana ya reli.
Anajua bomba likizibuliwa
halidai tena presha ya jana.
Ila hakugusa kitufe. Akampigia daktari.
"Shuka moja moja, mzee. Siku tatu kila namba,
kisha niletee kadi ya mashine niisome."

Kumi na tatu.
Kumi na mbili, na saa nane usiku umeme ukakatika.
Ukarudi ule ukimya ninaoujua.
Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Mkono wangu ulikwisha fika begani kwake
alipovuta pumzi, mwenyewe, kwa pua,
kama mtu anayeonja mchuzi.

Leo kumi na moja. Barakoa haivuji.
Treni ya Mpanda imepita zamani,
Mihambo hata hakugeuka.
Mimi niko macho, nahesabu tu.
Presha yangu haina kitufe.