Doa la Chokaa

Shanzu, nyuma ya machimbo, mivinje yangu sitini,
nimeipima kwa fimbo, na chokaa mkononi;
huu mwembamba, kitambo umebanwa na jirani,
natia doa la kombo: mwezi ujao ni kuni.

Tsuma ana wasiwasi, kashika tepu na hati,
ataka yote upesi, hata myembamba, boriti.
Nasema: hii nafasi ndiyo chakula cha miti;
mwanao, yule Harisi, akioa, leta noti.

Kwa mmoja tu silali: wenye doa, wa Kiponda.
Aliupanda awali, jiwe tupu, na vidonda.
Hesabu haikubali: umekonda, umekonda.
Kumekucha. Shoka kali nalinoa. Sijakwenda.