Kiwiko cha Kafubu

Mwaka nilioota meno ya mbele mara ya pili
Kafubu ulichoka kuzunguka.
Usiku mmoja wa Februari ulikata shingo ya ardhi
kama mtu anayeruka ua badala ya kupita mlangoni,
na asubuhi kiwiko chake, chini ya shamba letu,
kikabaki na maji yasiyo na safari.

Kwanza ulikuja mchanga.
Si katikati: midomoni.
Mto wenyewe, ukipita mbio katika njia yake mpya,
uliutema kwenye malango mawili ya nyumba yake ya zamani
mpaka yakazibika.
Ndipo tukawa na ziwa, jembamba, lililopinda kama mundu,
na kambare wachache waliofungiwa ndani.

Kiangazi hicho baba alikwenda Kolwezi.
Alisema miezi mitatu.

Maji yaliyotulia huachia kila yalichobeba,
kizito kwanza, chepesi baadaye,
na kile chepesi kabisa, unga usioonekana,
hulala mwisho, usiku, pasipo shahidi.
Kila msimu wa mvua gharika ilipanda ukingo,
ikakaa siku mbili, ikarudi zake, ikaacha tope.
La kwanza lilinifika kifundoni.
La pili, vidole vinne.
La tano, unene wa kandambili.
La tisa, ukucha.

Baba naye alikuja.
Mara ya kwanza na baiskeli, na redio, na kitenge cha mama.
Mara ya pili na kilo mbili za sukari.
Mara ya tatu alikunywa maji amesimama.

Upande wake wa kitanda
mama aliweka nguo zilizongoja pasi,
halafu gunia la unga, kwa sababu ya panya,
halafu cherehani yenye mguu mbovu,
halafu mjukuu.
Hakuna siku aliyosema: leo najaza.

Matete yalianzia pembeni, kwa adabu, kama wageni.
Yakafa, yakaangukiana, yakaoza nusu nusu,
yakawa udongo mweusi unaonuka ndani ya mtungi.
Mdiria akahama. Kwera wakaja na makelele yao.
Siku moja mbuzi wa Masengo alivuka bila kulowa tumbo,
na sisi tukacheka, hatukujua tunacheka nini.

Lubumbashi watu huvunja vichuguu kupata matofali.
Mama Honorine alikataa: vichuguu vina wenyewe.
Nilipofika miaka ishirini na saba
akaniingiza kiwikoni na jembe.

Nilichimba mpaka kifuani.
Ukutani mwa shimo mistari ilikaa juu ya mistari:
mwekundu, mwaka walipopasua kilima kupitisha barabara;
wa kijivu, mwaka tulipokatazwa kunywa;
mweusi, mwembamba, wa majivu,
moto wa nyika uliomla Masengo kibanda na vyungu vyake.
Na chini ya vyote, mchanga,
bado baridi, bado una mikunjo ya mkondo,
yote imeinama upande mmoja,
upande ule mto ulikokuwa ukienda.

Nikaweka kiganja.
"Usishuke zaidi," mama akasema kutoka juu.
"Mchanga haushiki tofali."

Sasa pale pana lengalenga na matembele,
na mvua ikizidi, maji hujikusanya siku moja,
yakachora mundu uleule kati ya matuta,
kesho yake hayapo.

Nyumba tuliijenga kwa udongo ule.
Juu ya dirisha, katika tofali moja lililoiva vibaya,
kuna gamba la konokono wa mtoni.
Mwanangu hulichokonoa kwa kijiti.
Anauliza lilifikaje huko juu.

"Kwa miguu," anasema mama,
na haachi kupepeta mahindi.