Karatasi Kumi na Moja za Kibwana

Alikuja Jumatatu na katoni mbili za karatasi,
kijana wa kampuni, fulana yake imechorwa povu kifuani.
Mama, akaniambia, hapa kwako watu hawakatiki.
Atakayejaza dodoso mpe gemu moja bure,
sisi tutakulipa Jumamosi, karatasi kwa karatasi.
Nikamtazama viatu. Vyeupe,
na Barabara ya Kumi na Tano ilikuwa imelala na mvua.
Nikasema haya. Luku haijazwi kwa maneno.

Nina runinga nne na pedi saba, tatu zinabonyea kwa kuombwa.
Kaniachia kaka yangu Mhando alipokwenda Maskati:
shika hizi, dada, watoto hawachoki kucheza.
Kweli hawachoki.
Inayochoka ni mifuko ya mama zao.

Siku ile Ngamiani nzima ilijua kusoma.
Foleni ilitoka mlangoni, ikampita fundi charahani,
ikakunja kona hadi kwa muuza mihogo,
na watoto wanaomkimbia mwalimu wa hesabu
wamelala kifudifudi sakafuni kwangu, ulimi nje, wanajibu:

Mnafulia sabuni gani? Mara ngapi kwa wiki?
Nyumbani kwenu nani huamua?
Umeridhika sana, kiasi, kidogo, au hapana?
Weka tiki.

Kibwana, wa nyumba yenye mlango wa kijani,
mwenye miaka kumi na moja, alijaza kumi na moja.
Katika ya kwanza alikuwa Kibwana.
Katika ya pili alikuwa Zuberi, fundi baiskeli, miaka arobaini.
Katika ya nne, mjane wa Mikanjuni, watoto sita,
anafua kwa mkono, hajaridhika.
Katika ya saba, dereva wa lori la saruji:
hafui, ana wake wawili, ameridhika sana.
Katika ya tisa alikuwa mimi,
Mwanakheri binti Mhina, jina halina kosa hata herufi,
ila penye umri kaniongezea ishirini.
Niliona. Nikanyamaza.
Nikampa pedi iliyo nzima.

Timu ya Tanga haimo mle ndani,
basi alichukua ya Wazungu akaibatiza upya:
golini kamweka muuza mihogo,
winga ya kulia mjane wa Mikanjuni,
na yule mjane, wallahi, alifunga mawili.

Usiku nikazihesabu kwa mwanga wa simu.
Chini kabisa kuna mstari:
Je, una jambo lolote la kuongeza?
Kumi kaziacha wazi.
Kwenye ile ya kwanza, ya Kibwana mwenyewe,
kaandika hadi pembeni, hadi nyuma:

"Mama ananunua mche mmoja anaukata kwa uzi vipande vinane
vipande sita anauza viwili vyetu
akiwa anakata anatukataza kuongea sabuni isije ikapinda
hapa hamkuweka kisanduku."

Jumamosi yule wa povu akarudi, akapekua kwa kidole gumba.
Fundi Zuberi, sawa. Mjane, sawa. Dereva, sawa.
Mimi na uzee wangu wa kupewa, sawa.
Huyu ni mtoto, akasema. Watoto hatuwalipii.
Akaiweka kando, uso chini.
Uongo kumi ukalipwa taslimu mbele yangu,
ukweli mmoja ukabaki mezani na pete ya kikombe changu cha chai.
Kabla ya adhuhuri alikuwa kituo cha mabasi.
Waja leo, waondoka leo.

Gemu ile moja nimeiandika kwenye daftari la madeni.
Jina la mdaiwa si Kibwana.

Na jana, nimeshafunga duka,
nilichukua mche wa sabuni na uzi wa charahani.
Nikavuta polepole, nikasema tu, peke yangu,
hebu tuone.

Ikapinda.