Mchezo wa Usukani

Miaka thelathini na moja niliendesha treni,
Lubumbashi hadi Kamina, na kurudi,
na sikukata kona hata siku moja.
Kona ilikatwa na reli.
Zangu zilikuwa mwendo, breki,
na honi kwa mbuzi wa Tenke.

Tangu Aprili Numbi ameniachia Pijo mia nne na nne,
rangi ya chai ya maziwa, rika la kifungua mimba wetu,
na usukani unaozunguka robo nzima
kabla magurudumu hayajapata habari.
Naliambia gari: kushoto. Linawaza kwanza.
Kwenye barabara ya Kasapa linayumba
kama mtu atokaye matangani na pombe ya watu.

Naye aliliendesha hivi hivi,
akilisahihisha kidogo kidogo kwa mkono mmoja,
mwingine ukibambua karanga,
nami kando yake nikidhani ni gari zima.

Fundi Mukalay wa Katuba alilipiga jeki,
akatingisha gurudumu, *ko, ko*, akacheka:
"Baba Mashinisti, huu ni mchezo."
Mchezo! Ugonjwa kupewa jina la watoto.
"Watakuuzia sanduku jipya la usukani.
Usinunue. Tuanze chini."

Chini:
mpira wa bushi uliopasuka kama kisigino cha Julai,
rotuli mbili zilizokula nyumba zao,
shokapu inayolia mafuta,
tairi nne za mataifa manne.
Tulipanga kila kitu juu ya gunia.
Grisi ya kale ilitoka nyeusi, ngumu,
na ndani yake vumbi jekundu
la safari nisizokuwapo:
Likasi, labda. Kipushi, kwa dada yake,
zile wiki nilizolala Kamina.
Nililifuta polepole.
Lile tambara sikulitupa.

Kunyoosha magurudumu alitumia uzi wa mwashi,
toka nyuma hadi mbele, na rula ya mwanafunzi.
"Mbele yafumbe kidogo," alisema, "milimita mbili,
kama miguu ya mtoto mwenye haya.
Yakifumbuka, gari litajitafutia njia."
Nilichuchumaa, nikafumba jicho moja.
Huo uzi naujua. Ni reli.

Jumapili jakaranda zilikuwa zimemwaga zambarau,
nikatoka peke yangu.
Pale penye kona, mlima mweusi wa takataka za shaba
ukijaza kioo kizima,
nilikata, na gari likakata,
wakati ule ule, bila kuwaza.
Nikalegeza vidole:
usukani ukapita viganjani ukirudi katikati wenyewe,
kama mtu anayejua kwao.

Mbele kumenyooka. Hakuna cha kusahihisha.
Mkono wangu wa kulia ukakosa kazi.
Nikafungua kijisanduku cha majivu,
sijui nilitafuta nini, sivuti sigara.

Maganda. Yamejaa hadi juu.