Mkaguzi wa Mizani

Kazini, Mbagathi, nalisha seli za tezi dume
ndani ya sahani ndogo kama kifuniko cha chupa.
Zinapenda joto la mwili, zinapenda sukari.
Hazijui zilitoka kwa nani.

Jumatatu nilizitilia dawa ya kemo peke yake: nusu zikafa.
Jumanne, kiini cha bizari peke yake: zikasinzia tu.
Alhamisi vyote viwili,
na chini ya hadubini pakawa kama Gikomba
asubuhi baada ya moto.

Nilitaka kupiga vigelegele.
Nikanawa mikono mara mbili, nikaenda Kenyatta,
kwa sababu siku hiyohiyo baba yangu alikuwa huko,
dripu ya tatu kati ya sita,
soksi za sufu miguuni, jua la Januari dirishani.

Shangazi Syombua alikuwa amenitangulia.
Mkebe wa mafuta ya kupikia, umejaa bizari ya Ngara,
pilipili manga ndani, vitunguu saumu vilivyokaushwa,
na majani ya chai ya kijani kutoka kwa jirani.
"Hii ndiyo dawa. Hayo ya chupa ni sumu," alinong'ona.
"Na daktari usimwambie."

Baba alikagua mizani miaka thelathini na mmoja:
Wakulima, Muthurwa, machinjio ya Dagoretti.
Aliwahi kukuta jiwe la kilo limetobolewa chini,
likazibwa kwa nta.
Hakufoka. Aliligeuza, akalikwaruza kwa ukucha.

Akafungua mkebe. Akanusa.
"Kipimo chake?"
"Kijiko."
"Kijiko kipi? Bapa, au chenye mlima?"
Kimya.
Akanigeukia. "Na wewe, kwenye sahani yako, uliweka kiasi gani?"

Nikamwambia.
Nikamweleza kwamba bizari ikiliwa hupita tumboni
kama mgeni asiyevua viatu, damuni haifiki ila kidogo;
kwamba kukipata kile kiasi cha sahani
labda angekula gunia, na gunia nalo lina mambo yake.
Kwamba ini ni mlango mmoja,
dawa na pilipili manga hukutana hapo, bega kwa bega:
dawa ikicheleweshwa kutoka, huenda ikamlemea;
ikisukumwa nje mapema, huenda ikaondoka kazi haijaisha.
Kwamba sijui.
Kwamba hata wanaonifundisha hawajui bado.
Sahani yangu haina ini, baba.
Haina figo. Haina shangazi.

Akacheka mpaka sindano ikamuuma.

Mfamasia Nabwile alikuja na kalamu,
akaketi kitandani, jambo lisiloruhusiwa,
akamwomba shangazi amtajie kila kilichomo mkebeni.
Hakuguna. Aliandika yote, mpaka saumu.
"Nyanya, mpikie. Sukuma, mpikie.
Bizari ya kutia maharagwe rangi, sioni neno.
Mkebe huu ungoje. Tuone damu yake kwanza, tuone ini."

Shangazi akaufunika mkebe, akaukumbatia.
"Basi mimi nimpe nini?"

Hakuna aliyejibu haraka.
Dripu ilihesabu, tone, tone.
"Njaa ikirudi," baba akasema, "nitakuita."

Ilirudi Jumapili, Jericho, saa tano usiku.
Mdomo wake ulikuwa na ladha ya shilingi kuukuu;
chai ilimshinda, mkate ulimshinda.
Shangazi akakaanga nyanya polepole
mpaka mafuta yakaelea juu, mekundu.
Akachota bizari. Mkono wake ukatulia hewani.

Baba alikipokea kijiko,
akaparaza mgongo wa kisu juu yake,
unga wa ziada ukarudi mkebeni.
"Bapa," akasema.
Akafungua daftari la kliniki, na chini ya vipimo vya damu,
arobaini na moja, ishirini na nane, kumi na tisa,
akaandika: kijiko kimoja cha chai, bapa, sufuria ya watu watatu.

Akala vipande vinne. Cha tano akakirudisha.

Asubuhi ya kliniki nilimkuta mlangoni amevaa koti,
kijiko kimechomoza mfuko wa shati
pale zamani palipokaa kalamu yake ya serikali.
"Daktari atauliza ukubwa," akasema.
"Si akione mwenyewe."