Pasi ya Makala

Umeme umekatika tangu Jumanne.
Hapa Katuba hatuulizi tena utarudi lini;
tunauliza tu kama kwa jirani nako ni giza,
na tukisikia ndiyo, moyo unatulia kidogo.

Namshika jogoo wa chuma, kifuniko kinafunguka.
Nalijaza tumbo la pasi makala,
napepea kwa kipande cha boksi la sabuni
mpaka wekundu uamke ndani ya weusi.

Mwalimu Kabange alitufundisha, kabla sijaacha shule:
nishati haizaliwi, nishati haifi,
inavua nguo hii, inavaa ile.
Akainua chaki juu ya kichwa chake.
Humu, akasema, mmelala mwendo.
Akaiachia.
Tak!
Mwendo huo, akasema, na sauti, na joto dogo sana
ambalo sakafu peke yake inalijua.
Tulicheka. Chaki ilikuwa imebaki hiyo hiyo moja.

Makala haya yalikuwa muputu
kando ya barabara ya Kasenga.
Miaka arobaini majani yake yalinyonya jua
kama mtoto mchanga, macho yamefumbwa, bila haraka,
na jua likawa gome, likawa mbao, likawa mzizi.
Kisha shoka.
Kisha tanuri la udongo, siku tisa linafuka.
Maji yakakimbia na moshi mweupe;
jua likagoma kutoka,
likabaki jeusi, jepesi, linalia kama vigae ndani ya gunia.

Chola ndiye aliyelileta.
Magunia matatu, baiskeli moja, kilomita sabini.
Kwenye mwinuko anasukuma kwa bega,
kila hatua anaweka akiba;
kwenye mteremko akiba yote inataka kutoka kwa pamoja,
na breki yake ni kandambili iliyobanwa kwenye tairi:
mwendo unageuka harufu ya mpira unaoungua.
Alikula nini njiani? Bukari ya jana na lengalenga.
Mahindi nayo yalikuwa jua.
Jua limebebwa na jua mpaka mlangoni pangu,
na mimi, bila haya, nikaomba nipunguziwe bei.

Mwalimu, kama hakuna kinachopotea,
magoti ya Chola yamekwenda wapi?
Ana miaka thelathini na moja
na anashuka ngazi kinyumenyume.

Nyuma ya mtaa nyaya nene zinaunguruma
zikielekea migodini.
Shaba iko chini ya miguu yetu,
umeme uko juu ya vichwa vyetu,
katikati tupo sisi na mshumaa.

Saa moja asubuhi anabisha hodi Bwana Kisimba,
mkusanya bili wa kampuni ya umeme.
Ana shati jeupe lililokunjamana kama karatasi ya karanga
na kikao na wakubwa saa tatu.
Simuulizi kwake kuna nini. Shati limeshasema.

Nanyunyiza maji kwa vidole.
Pasi inapiga mluzi mfupi.
Kola inanyooka, mikono inanyooka,
mkunjo wa mgongoni unakaidi, naulalia kwa uzito wangu wote.
Yeye anamtazama jogoo, hasemi neno.
Kisha anakohoa, anafungua begi:
Mama, bili yako ya mwezi huu.
Nami namwambia bei ya shati.
Tukasimama hapo, kila mmoja na mkono ulionyooshwa,
mpaka yeye akacheka kwanza.

Alilivaa likiwa bado na moto.
Baridi ya Juni ilikuwa imekaza uani.
Aah, akasema, akafumba macho
kama mtu aliyetoka kivulini.
Sikumwambia amevaa mti, wala miguu ya nani.

Akaondoka na vumbi lake.
Kabla hajafika kona litakuwa limepoa,
na nyuma yake, njia nzima, joto dogo sana
ambalo hewa peke yake inalijua.