Sikutia Chumvi

Yai la kuku wangu lilizama bwawa la kwanza,
likalala chini kama mgeni aliyechoka.
Bwawa la nne likainuka kidogo.
Bwawa la saba likaelea, kipara nje,
upana wa sarafu ya shilingi kumi.
Hivyo ndivyo mama alivyopima
kabla haidromita haijafika Gongoni.

Mimi napimia kioo. Nakitumbukiza, nakingoja kitulie,
nasoma pale maji yanapokata mstari:
moja nukta sifuri tatu, bahari bado changa;
moja nukta mbili moja, jua limekunywa lake,
chumvi yaanza kuota sakafuni.
Gramu kwa mililita, naandika.

Karani Tsuma akanikata kwa kalamu nyekundu:
"Mbodze, ofisi yataka kilo kwa mita mchemraba."
Nikaandika elfu moja mia mbili na kumi.
Bwawa halikushtuka. Halikuongeza hata punje.
Ni maji yale yale,
yameitwa kwa jina la upande wa baba.

Lakini kile kijineno kilinikaa kooni.
Kwa.
Uzito kwa nafasi. Hiki kwa kile.
Kibaba cha pumba na kibaba cha chumvi
vyajaa sawasawa, mkono ndio unaojua.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
haba za nini?

Sisi twalipwa kwa toroli.
Toroli moja, kilo hamsini: ndivyo kitabu kisemavyo
tangu enzi za msimamizi yule wa kofia ya kitani,
ambaye hakuna aliyewahi kumwona akisukuma.

Jumamosi nikabeba ndoo ya lita kumi,
nikaijaza chumvi, nikaisawazisha kwa ubao,
nikaenda nayo dukani kwa Bwanaheri.
Akaondoa sukari mizanini, akapangusa sahani.
Kilo kumi na mbili, ndoo ikishatolewa.
Nikarudia. Kumi na mbili.
Nikarudi kwenye toroli, nikahesabu:
ndoo sita na nusu hadi ukingoni.

Hesabu ile niliifanya mchangani kwa kidole cha mguu.
Sabini na nane.
Ishirini na nane zapita langoni kila safari
bila jina, bila senti.
Safari arubaini kwa siku:
tani nzima na ushei, Dhahabu, mgongoni mwako,
na wewe wadhani ni uzee.

Tsuma alisoma daftari langu akiwa amesimama.
"Umetia chumvi hapa," akasema.
Wanawake wakacheka hadi Jumwa akakaa chini.
Nikamwambia: mwanangu, kutia nimetia, kwenye ndoo.
Humu ndani nimepima tu.

Akaichukua ndoo ile ile, imejaa, akashika njia ya dukani.
Tulimtazama.
Hatua thelathini, mkono wa kulia.
Hatua kumi na tano, wa kushoto.
Saba, wa kulia.

Aliporudi hakukifungua kitabu.
Aliketi juu ya toroli iliyopinduliwa,
akavitazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu
kama mtu anayesoma
pale maji yanapokata mstari.